Mama Akifika Mgunda Mkali: Somo kwa Vijana Juu ya Mzigo wa Moyo Nyumbani



Leo nataka tuongee jambo ambalo kwenye semina zetu huwa tunalipita haraka haraka. Tunafundishana uchumba mtakatifu, tunafundishana sakramenti ya ndoa, na siku ya harusi tunaimba na kucheza mpaka usiku. Lakini yale yanayoanza mwaka unaofuata, mama mdogo akiwa amekaa kitandani saa nane usiku na mtoto anayelia bila kunyamaza, hayo tunamwachia yeye na mama mkwe wake wamalizane.

Nawaandikia kama mama wa watoto wawili na kama mlezi wa vijana hapa Tabora. Nina sababu tatu. Kwanza, wengi wenu mtakuwa wazazi, na wengine tayari mnao watoto. Pili, ninyi nyote mna mama, au mlikuwa naye, na pengine hamjawahi kujiuliza moyo wake unabeba nini. Tatu, wapo mabinti katika parokia zetu wanaoumia kimya kimya kwa sababu wameaminishwa kwamba mama Mkristo halii, hachoki wala hakasiriki. Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi.

Somo lenyewe ni fupi kulitaja: mama kuchoka siyo dhambi, na mzigo wake si wa peke yake. Sasa tulichambue taratibu.

1. Barabara tuliyozaliwa pembeni yake

Sisi watu wa Tabora tumekulia juu ya barabara ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani mpaka hapa watu walitembea kwa miguu kama miezi mitatu. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, utaiona nyumba ya tembe inayomkumbuka Livingstone, ambaye alikaa huko mwaka 1872. Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, nao walipita njia hiyo hiyo mwaka 1878. Imani yetu ilitufikia kwa miguu.

Wapagazi maarufu wa barabara ile walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani: vitambaa, shanga, pembe za ndovu. Pembe ikiwa kubwa kupita kiasi, ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Wake wa wapagazi nao walikuwemo katika misafara mingi. Walibeba vyungu, mikeka na chakula, na mgongoni mtoto ndani ya mbeleko.

Tusiipambe barabara ile. Wapo waliotembea juu yake wakiwa wamefungwa minyororo, na miongoni mwao walikuwepo mama waliotenganishwa na watoto wao. Kila mtumwa aliyepita hapa alikuwa na mama mahali fulani. Kwa hiyo udongo huu unayajua machozi ya mama kuliko tunavyofikiri.

Lakini nataka muone kitu kimoja kuhusu mpagazi. Mzigo wake ulijulikana. Ulipimwa, ulikubaliwa, na jioni ulitua. Hakuna aliyemwambia mpagazi aliyechoka, "Mbona unalalamika, kwani huupendi msafara?" Watu walielewa kwamba kilo 30 ni kilo 30. Mzigo wa mama haujawahi kupimwa na mtu yeyote, na jioni ndiyo kwanza unaongezeka.

Kabla ya kuingia Unyamwezi ukitokea Ugogo, kulikuwa na pori refu ambalo misafara ililiogopa. Waliliita Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Maji yalikuwa machache, na visima vilikuwa mbali mbali. Waliojiandaa walijaza vibuyu kabla ya kuingia. Mtu kuishiwa nguvu ndani ya Mgunda Mkali haikuwa aibu, kwa sababu kila mtu alilijua lile pori. Hatari ilikuwa ni kuachwa humo peke yako.

Vijana wangu, katika kulea pia kuna Mgunda Mkali.

2. Unavyoonekana mzigo wenyewe

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tunaitaja sana methali hii, ila huwa tunafikiria ada ya shule na unga. Hatufikirii moyo.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeanza. Mume wangu alikuwa shambani Urambo akihangaika na tumbaku, kwa sababu msimu haumsubiri mtu. Nilikuwa na mtoto mchanga, na mwingine wa miaka miwili aliyekuwa ameanza kuona wivu. Nilikuwa namnyonyesha mdogo huku machozi yananitoka na sijui nalia nini. Nilimtazama mtoto kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike kidogo. Nilimwogesha, nilimvisha, nilimbeba, lakini ndani palikuwa pakavu.

Wageni walikuja na khanga na sukari. Wote waliniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" Mmoja aliponiona nimenyamaza sana aliniambia niongeze sala, kwamba shetani anataka kuniibia furaha. Nilikuwa nasali. Rozari ilikuwa chini ya mto kila siku.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima, ambaye hata hakuwa rafiki yangu wa karibu. Aliingia, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, lala. Mimi nipo." Akachukua mtoto, akamwita yule mkubwa, wakaenda kukaa chini ya mwembe. Akafua nepi zote. Nikalala saa nne mfululizo. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Siku ya nne akaniambia, "Twende kliniki, umwambie nesi yote uliyoniambia mimi." Tukaenda. Nesi alisikiliza, akanipangia kurudi kila baada ya wiki mbili, na mume wangu akaitwa naye aelezwe. Haikuisha kwa siku moja. Ilichukua karibu miezi mitano mpaka nikajisikia mimi tena.

Nimewasimulia haya ili mjue ninachokiongelea. Mzigo huu una sura nyingi. Kuna uchovu wa kukosa usingizi. Kuna hasira inayomtoka mama ghafla, halafu inafuatiwa na kujilaumu. Kuna upweke, hata nyumba ikiwa imejaa watu. Kuna hofu: mtoto akikohoa tu mama anaona kaburi. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitaji: mama anapoteza jina lake. Jana alikuwa Veronika, leo ni Mama Fulani. Ni heshima kubwa, sikatai. Ila mwingine hukaa mwaka mzima bila mtu hata mmoja kumwita jina alilobatizwa nalo.

3. Maandiko yanasema nini?

Fungueni Biblia zenu, tutazame watu watatu.

*Hagari (Mwanzo 21:14-19).* Huyu mama alifukuzwa na mtoto wake, akapewa mkate na kiriba cha maji, akapotea jangwani. Maji yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali kidogo kwa sababu hakutaka kumwona akifa, akalia kwa sauti. Angalieni vizuri: Biblia haimlaumu Hagari kwa kwenda kukaa mbali. Haisemi alikuwa mama mbaya. Alikuwa ameishiwa.

Halafu Mungu anafanya nini? Ukisoma sura ya 16 na ya 21, Sara na Abrahamu wanamtaja kama mjakazi tu, hatuwasikii wakimwita jina lake. Malaika wa Mungu ndiye anayemwita kwa jina, tena anamuuliza ana shida gani. Kwanza jina, kisha swali. Ndipo Mungu akamfungua macho akaona kisima. Andiko halisemi kisima kiliumbwa pale pale. Linasema macho yake yalifunguliwa akakiona. Mtu aliyeelemewa anaweza kukaa hatua chache kutoka kwenye maji asiyaone, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumwita jina na kumwonyesha kisima kilipo.

*Musa (Hesabu 11:11-17).* Hapa kuna ajabu. Mwanaume, kiongozi wa msafara mkubwa kuliko yote katika Biblia, anamlalamikia Mungu kwa maneno ya kina mama. Anamuuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa wote, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Anasema mzigo ni mzito mno kwake peke yake, na anafika mahali pa kuomba afe.

Je, Mungu alimkemea? Alimwambia imani yake ni ndogo? Hapana. Alimwambia akusanye wazee 70, waubebe mzigo pamoja naye. Musa aliletewa watu.

*Eliya (1 Wafalme 19:4-8).* Nabii huyu naye alichoka, akalala chini ya mti akiomba kufa. Malaika alikuja, na hakuja na mahubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula, akamwambia safari bado ni ndefu. Maneno marefu na Mungu yalikuja baadaye, huko mlimani. Kwanza usingizi na chakula. Yule mama wa jumuiya aliyeniambia "lala" pengine hakuwahi kuisoma sura hii, lakini aliitimiza neno kwa neno.

4. "Lakini Mama Maria hakulalamika!"

Swali hili naulizwa kila nikifundisha, na mara nyingi linatumika kuwafunga mama midomo. Sasa tujibu.

Soma Luka 2:48. Yesu ana miaka 12, amepotea siku tatu, wamempata hekaluni. Maria hanyamazi. Anamuuliza mwanawe kwa nini amewafanyia hivyo, na anamwambia waziwazi kwamba yeye na baba yake walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Mama aliyekingiwa dhambi ya asili alisema kwamba ameumia. Kumbe kusema umeumia siyo dhambi.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inatufundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala mbaya kimaadili. Zinapata uzito huo pale zinapoongozwa na akili na utashi wetu. Hasira ikikupanda kwa sababu hujalala siku tatu, hiyo ni hisia. Kumchapa mtoto mpaka alama zibaki ni tendo, nalo ni baya, na Mtume Paulo anawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4). Tofauti hii ni muhimu sana. Mama akijua kwamba hisia siyo dhambi, ataisema mapema, kabla haijawa tendo. Akidhani hisia yenyewe ni dhambi, ataificha. Na mficha maradhi, kifo humuumbua.

5. Mama wa Mtakatifu wa Kanisa Kuu letu

Kanisa Kuu la Jimbo letu limewekwa chini ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Wengi tunamjua kwa maua yake na njia yake ndogo. Wachache tunamjua mama yake.

Aliitwa Zelia Guérin. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1831, akaolewa na Louis Martin mwaka 1858. Alikuwa na kazi yake ya kutengeneza lesi, na alikuwa na wafanyakazi wa kuwasimamia. Kwa hiyo kama mama yako anaamkia sokoni na jioni anarudi kupika, Zelia anamwelewa. Walizaa watoto tisa. Wanne walifariki wakiwa wadogo, mmoja wao binti wa miaka mitano. Teresa, wa mwisho, alizaliwa Januari 1873. Zelia hakuweza kumnyonyesha, na mtoto akawa karibu kufa. Ikabidi ampeleke kijijini kwa mama mwingine aliyeitwa Rose, anyonyeshwe huko kwa mwaka mmoja hivi. Mkono mmoja haulei mwana, hata kama mwana huyo atakuwa mtakatifu.

Binti yake mmoja, Leonia, alikuwa mgumu wa tabia, shule ilimshinda, na Zelia alihangaika naye sana. Barua za Zelia zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Humo hafichi: anaandika uchovu wake, hofu zake, huzuni ya kuzika watoto. Hakuwa jiwe. Mwaka 1877 alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 45, Teresa akiwa na miaka minne tu.

Na vijana wa kiume, msikilize hapa. Louis alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake. Mwaka 1870 aliliachia duka lile kwa mpwa wake, akaingia kumsaidia mke wake katika biashara ya lesi. Hakuona kwamba ameshuka hadhi. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili watakatifu siku moja, ndoa ya kwanza kutangazwa pamoja namna hiyo. Utakatifu wao waliupata jikoni, kazini na makaburini, wakiwa wawili.

6. Pale uchovu unapokuwa ugonjwa

Hapa naomba msome polepole.

Siku chache baada ya kujifungua, mama wengi hulia lia na kubadilika hisia. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, ikawa nzito, hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua, na huo ni ugonjwa. Dalili zake ni kama hizi: huzuni isiyoisha, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kutokula, kujiona hufai, kutovutwa na mtoto, kujitenga na watu. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, na kubwa zaidi ni sonona. Yaani, wakikaa kina mama watano wenye watoto wachanga kwenye benchi la kliniki, mmoja anaweza kuwa anapita humo.

Mama akianza kusema anataka kufa, au anafikiria kumdhuru mtoto, au anasikia sauti na kuona vitu wasivyoviona wengine, hapo hakuna kusubiri Jumapili. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika.

Najua kinachotuzuia. Mtu akitajiwa afya ya akili anawaza Mirembe ya Dodoma, anawaza watu watamcheka. Wengine wanasema kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Lakini tazameni Kanisa la upande wetu huu wa magharibi lilivyoanza. Kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 mtu aliyeitwa Adrien Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Alihudumu Karema kama tabibu na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu mmoja, kazi zote mbili: aliwafundisha watu sala na aliwapa dawa. Hakuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Sisi tunautoa wapi?

Msaada mwingine hauhitaji hata dawa. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na bibi hao walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Sasa niambieni: hapa kwetu tumekosa bibi, au tumekosa benchi?

Wazee wetu walikuwa na arobaini. Mama aliyejifungua alikaa ndani siku 40, akapikiwa uji, akakandwa kwa maji ya moto, kazi zikafanywa na wengine. Leo binti amepanga chumba kimoja Ng'ambo au Ipuli, mume yuko kwenye bodaboda kuanzia alfajiri, ndugu wako Kaliua. Siku ya tatu anachota maji mwenyewe. Zile siku 40 zilikuwa kibuyu cha maji kabla ya Mgunda Mkali, na tumekitupa bila kutafuta kingine.

7. Tufanye nini sisi vijana?

*Kijana wa kiume.* Jifunze kupika, kufua na kubeba mtoto sasa, kabla hujaoa. Hivi unadhani ujuzi huo utakushukia siku ya ndoa pamoja na pete? Siku mke wako akinyamaza sana, usiulize chakula kiko wapi. Mwite jina lake, umuulize ana shida gani, kama malaika alivyomuuliza Hagari.

*Binti.* Usisubiri mpaka uvunjike. Chagua mapema mtu mzima mmoja wa kumwambia ukweli: mama, shangazi, mama wa ubatizo, sista. Ukiwa mama na ukajisikia mkavu, sema. Ukienda kitubio, ungama matendo yako. Uchovu wako umweleze padre ili akuombee na kukushauri, lakini usiubebe kama hatia.

*Ukiwa bado unakaa nyumbani.* Yoshua bin Sira 7:27 inatukumbusha tusisahau uchungu wa mama yetu aliyetuzaa. Basi kumbuka kwa mikono. Amka kabla yake siku moja kwa wiki. Mlee mdogo wako Jumamosi mchana ili mama alale. Mwulize jambo moja kuhusu yeye mwenyewe, siyo kuhusu ada wala sare.

*Jumuiya ndogo ndogo, VIWAWA na WAWATA.* Tunapokwenda kumpongeza mama aliyejifungua, twende na ratiba. Watu saba, kila mmoja siku moja: huyu anachota maji, huyu anafua, huyu anakaa na mtoto saa mbili. Baada ya wiki ya pili turudi, maana hapo ndipo wageni wameisha na uzito unaanza. Na tumtazame kwa namna ya pekee binti aliyezaa nje ya ndoa. Yeye ndiye anayeachwa porini mara nyingi zaidi, tena na sisi tunaotoka kusali.

8. Neno la mwisho: chini ya Msalaba

Yohane 19:26-27. Yesu anakufa, na mama yake amesimama pale. Hamwambii mama yake avumilie. Hamwambii awe na nguvu. Anamtazama mwanafunzi aliyempenda, anamkabidhi mama, na anamkabidhi mama mwana. Mapokeo ya Kanisa yanamtambua mwanafunzi huyo kuwa Yohane, na yanasema alikuwa kijana kuliko wote. Injili inasema tangu saa ile alimchukua nyumbani kwake.

Kwa hiyo mama mwenye uchungu mkubwa kuliko wote alikabidhiwa mikononi mwa kijana. Na kijana hakuuliza kwa nini mimi, wala hakusema hiyo ni kazi ya wanawake. Alimchukua nyumbani.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni nani katika jumuiya yetu amejifungua ndani ya miezi sita iliyopita? Nani alikwenda kumwona baada ya wiki ya kwanza?
2. Katika familia yako, ni kazi gani inafanywa na mama peke yake kila siku? Wewe unaweza kuchukua ipi kuanzia wiki hii?
3. Musa alipewa wazee 70. Parokia yetu ikiamua kuwapa mama wadogo watu wa kuwasikiliza, tungeanza na kina nani?

Tusali

Ee Mungu uliyemwita Hagari kwa jina lake, watazame mama wote waliochoka usiku huu. Wape usingizi, chakula na mtu wa kuwasikiliza. Utufungue na sisi macho, tuwe kisima karibu nao. Kwa maombezi ya Bikira Maria, na ya watakatifu Louis na Zelia, utujalie nyumba ambamo mzigo unabebwa na wengi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki hii, kabla ya kusoma somo lingine lolote, nenda kamsalimie mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Mwite jina lake la ubatizo. Halafu shika ndoo.